Ndoo ya Mama Aikande

Aikande kaishusha toka kinamasini, juu kabisa ya Marangu:
tope jeusi, zito, linanuka mvua ya zamani.
Maabara yetu hapa Moshi ina feni moja
na mizani inayodanganya kidogo.

Tukatia magadi. Tope likayeyuka, chai ya rangi isiyo na sukari.
Tukatia asidi. Giza likashuka chini, likatulia
kama machicha ya kahawa msibani.

Nikamwambia, ichore.
Akachora pete za pembe sita,
oksijeni huku, hidrojeni kule,
akafuta.
Akachora tena, akafuta.
"Haina umbo moja. Ni mabaki ya majani
yaliyosahau yalikuwa ya mti gani."

Chini ya hadubini, tone moja tu:
chembe nyeupe za damu yangu mwenyewe
zikajinyoosha, walinzi waliosikia geti likigongwa.
Tone la pili, zikanywea.
Kipimo kilekile? Karibu.

Daftarini tumeandika: *rudia Jumatatu.*
Mama yake anataka ndoo, ni ya maziwa,
na isuguliwe.
Kucha zangu bado nyeusi.
Ugali wa jioni nimeula kwa kijiko.