Shimo la Kumi na Nne

Yadi mia mbili na ishirini na sita, Mhandisi.
Kibao kinasema mia mbili na kumi,
lakini kibao kilipigwa msumari kabla hawajaisogeza tii
nyuma ya mgunga, na mimi nimeipima kwa nyayo zangu
miaka kumi na mmoja, begi lako begani.

Usinyooshe mkono bado.
Najua unachokitaka: lile gongo kubwa
lenye kofia ya sufu aliyokufumia mkeo.
Liache livae kofia yake. Kuna baridi.
Julai, saa moja asubuhi, hewa ya Nairobi ni nzito kama uji wa jana,
na mpira unaoruka Februari kama umetukanwa
leo utakwenda kama mtu anayekwenda kulipa deni.

Usiiulize bendera habari za upepo.
Imezingirwa na miti, haijui lolote,
ni mlinzi aliyesinzia.
Tazama ng'ambo ya seng'enge, juu ya mabati:
moshi wa jiko la Mama Khavere, wa mandazi.
Ukisimama wima, tuna amani.
Leo umelala kuja kwetu.

Kulia, banka mbili, ya pili ina kina cha kaburi la mtoto.
Nyuma, seng'enge.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni,
na watoto wameshakaa hapo ukingoni, wanne, unawaona?
Wanakujua kwa ile kofia ya sufu.
Mpira wako wenye mstari mwekundu
umeununua mara tatu, langoni, hamsini hamsini,
mpira wako mwenyewe.

Sasa tazama mbele, kushoto kidogo.
Pale pasipotazamwa na mtu.
Uwazi mpana kama ua wa kanisa, nyasi zimenyolewa,
na ardhi yenyewe inainamia shimo.
Hakuna aliyelipa ada ya mwaka ili mpira wake ufike pale.
Ndiyo maana pako tupu.

Chuma namba tano. Nusu ya hasira.

Sikuyasoma haya kitabuni.
Jumatatu, siku yetu makedi,
nilianza na magongo mawili tu: la kusukumia,
na namba saba iliyochomelewa shingo Gikomba.
Sikuwa na cha kunifikisha kwa pigo moja,
basi nikajifunza kufika kwa mawili.
Wewe unaiita busara.
Mimi naiita namba saba.

Alikaa kimya muda wa kunguru kuvuka uwanja.
Kisha akanyoosha mkono, hakuangalia,
nami nikauweka ule wa tano kiganjani
kama daktari anavyokabidhiwa kisu.

Mpira haukupiga kelele.
Ulitua kama mgeni anayevua viatu mlangoni,
ukajongea, ukajongea,
ukasimama hatua tisa nje ya griini.
Alininunia njia nzima.
Pigo la pili, dogo, la kifundo cha mkono:
futi nne kutoka shimoni.
La tatu likaulamba mdomo wa shimo, likazunguka,
likakataa kuingia.

"Nne," alisema,
kama mtu anayetaja umri wake.
Nikaandika nne. Mwaka huu, hapo,
nimeandika sita, saba, sita, na siku moja
tuliyokubaliana kutoiandika.

Akaniwekea mpira mkononi niufute.
Mstari mwekundu. Tope kidogo.
Tulianza nao shimo la kwanza
na bado tulikuwa nao. Aliugeuza jicho, akacheka puani.

Kule ng'ambo watoto walikung'uta suruali,
wakaondoka mmoja mmoja kuelekea kwenye moshi.
Wa mwisho, mwenye sweta ya kijani iliyomzidi mikono,
alisimama akishika waya.
Hakumtazama Mhandisi. Alinitazama mimi.

Jioni, kabla hata sijavua viatu,
ataniuliza nilimwambia nini yule mzee.