Ghorofa ya Pili

Ulikuwa kijiti tu, urefu wa kalamu,
ndani ya pakiti ya maziwa iliyokatwa mdomo.
Muhonja, muuza miche wa Chavakali, aliutaja jina
kwa Kizungu, jina refu kama la dawa,
likanitoka kabla sijavuka barabara.
Akaongeza tu: upe kitu cha kushika, kisha kaa kando.

Kitu cha kushika tunacho.
Nguzo sita za kaka yangu Asava zimesimama uani
tangu mwaka ule saruji ilipopanda bei
naye akapanda ndege.
Chini vyumba vitatu na dari ya zege,
juu nondo zenye kutu zimechomoza
kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla.
Waendao Mudete husoma pale habari zetu zote
bila kutuuliza.

Nilichimba shimo, mkono hadi kwenye kiwiko.
Samadi iliyolala miezi mitatu,
majivu ya jikoni konzi mbili, kwa ajili ya siafu,
na mawe, maana huku kwetu ukichimba viazi
unavuna mawe kwanza.
Mama alitazama kutoka mlangoni.
"Unaliwa?"
Hauliwi, mama.
"Ni dawa?"
Sijui.
"Basi utatuletea nyoka."

Wiki mbili ukanuna. Nikadhani umekufa,
nikakwaruza ganda kwa ukucha: kijani.
Kisha mvua za saa nane mchana zikaanza,
zile zinazoshuka na ngurumo kutoka Nandi,
na kitu fulani mle ndani kikaachiliwa.

Haraka haraka haina baraka, tulifundishwa.
Mmea huu siku hiyo haukuja shule.
Jumatatu ulinifika magotini, Ijumaa kifuani,
Jumapili tunatoka kanisani, umekwisha kunipita,
unazungusha kidole hewani ukitafuta chuma
kama mtu apapasaye swichi gizani.
Niliufunga kwa uzi wa gunia, fundo legevu.
Nikaukata ncha moja ili zizaliwe mbili.
Hilo nililifanya nikitazama kando.

Ukakwea nguzo ya kwanza, ukavuka dari,
ukaingia ghorofa ya pili
kabla ya mtu yeyote wa ukoo wetu.

Maua yalikuja Agosti,
ya samawati, koo zake manjano.
Nyuki wakubwa weusi waliingia wazima wazima,
wakatoka kinyumenyume, wamepakwa unga kama wapishi.

Asava alipiga simu usiku kutoka Doha,
feni ikinguruma nyuma ya sauti yake.
Anataka picha ya nyumba, awaonyeshe wenzake wa chumbani.
Alfajiri nikasimama penye mgomba,
nikapiga upande ule nguzo hazionekani.

Siku tatu kimya.
Kisha: "Kageha, ni nani amemalizia huko juu?"

Sikujua kama anatania au anaumia.
Nikamwandikia ukweli. Ni ua, kaka.
Shilingi mia na hamsini.
Ukirudi kujenga, nitalikata mwenyewe.

Mwisho wa mwezi simu ikalia: elfu mbili.
Mama akahesabu papo hapo, saruji mifuko miwili na chenji.
Ujumbe ukafuata:
"Nunua kamba."

Nimenunua. Imara, ya katani, mita arobaini.
Leo nimepanda ngazi hadi juu kabisa.
Nondo zimekwisha, mmea haujakwisha.
Ncha imepita chuma cha mwisho kiasi cha mkono mzima,
haina chochote cha kushika,
inayumba, inazunguka polepole,
inapapasa ghorofa ya tatu.