Ya Kupakata

Nimekuja na flashi, imening'inia shingoni
kwa uzi wa kiatu, chini ya skafu,
na rula ya mbao mfukoni.
Zbylut, mwenye meza, anaicheka rula.
Namwambia: kwenye chumba cha dereva, tramu namba kumi na moja,
kati ya mkono wa breki na dirisha linalotoka jasho
pana sentimita ishirini na nane.
Kinachozidi hapo ni samani.

Jumapili, Łódź. Theluji mlangoni imeshakuwa uji wa kijivu
na kila anayeingia huuleta kidogo kwa soli zake.

Kituo cha mwisho hunipa dakika kumi na mbili.
Ile mashine ya zamani ilizila zote.
*Subiri, usizime*, ikajisasisha bila hodi,
asilimia nne, asilimia tisa,
abiria wananigongea kioo,
nami nimekaa mbele ya kiduara kinachozunguka
kama mpangaji
katika nyumba niliyoilipia mwenyewe.

Sasa nataka mfumo huria.
"Wa bure?" anauliza Zbylut.
Huria, si bure.
Cha bure hupewa, na aliyekupa anakujua kwa jina.
Huria ni ufunguo; hata nisipojua kufungua kitasa
najua yupo mtu, mahali fulani, anayeruhusiwa kukifungua.

Ya kwanza inang'aa kama kijiko cha harusi.
Nachomeka flashi. Inakataa: haimtambui mgeni.
Zbylut anazama kwenye uvungu wa mipangilio,
anakuta nywila juu ya nywila,
na mwenye nazo keshahamia Norwei.

Ya pili inakubali. Pengwini anatokea, natabasamu mapema.
Kumbe kadi ya waifai ni bubu,
haijatajwa kokote, haina hata jina.
"Chomeka kijiti pembeni, zloti thelathini tu."
Kijiti kitachomoza kama mwiba kwenye soksi
na mimi nina kona kali pale kwenye kiwanda cha zamani cha nguo.

Nageuka niondoke.

Chini ya meza, ndani ya kasha la ndizi,
kitu kidogo cheusi, kona imebonyea,
kina alama ya stika iliyobanduliwa na kucha za mtoto.
Napima: ishirini na sita na nusu.
Nakaa juu ya ndoo, nakiweka magotini,
na hapo ndipo nalielewa neno *mpakato*,
nililofundishwa na mwanafunzi mmoja wa Dodoma
safari moja ya usiku, tramu ikiwa tupu:
mama humpakata mwana, alisema,
hambebi, hamshiki, humpakata.

Flashi. Sekunde kumi. Skrini nyeusi, Zbylut anakohoa.
Kisha maandishi meupe yanashuka mbiombio
kama mtu anayejitambulisha kwa pumzi moja:
sauti ipo, mwanga upo, waifai ipo, betri
ipo kwa kiasi chake.
Kitufe cha L hakipo.

"Ndiyo maana iko kwenye kasha," anasema Zbylut,
akitazama pembeni kama muuza samaki wa jana.
Pale palipokuwa na L pamebaki chuchu ya mpira.
Ukiibonyeza kwa kucha, inaitika.

Tumebishana mpaka zloti mia mbili na kumi.
Rula akanirudishia kwa mikono miwili.

Sasa naandika daftari la vitu vilivyosahaulika vitini:
glavu ya kushoto, picha ya eksirei ya goti,
keki nzima, ndani ya boksi, yenye jina Ludmiła.
Jina hilo liliniuma kucha mara mbili.
Jina la mji huu huniuma kila siku, herufi ya kwanza.

Kituo cha mwisho. Nazima taa za ndani, napakata.
Inawaka kwa sekunde arobaini.
Nimebakiwa na dakika kumi na moja na ushei.