Kisogo cha Endel

Kichwa cha kwanza kilikuwa cha Kaarel.
Alipiga chafya kwenye picha ya arobaini
na kompyuta, isiyojua chafya ni nini,
ikampa pua mbili na jicho moja
lililochuruzika hadi kidevuni kama nta.
Kaarel akacheka, akaomba nakala ampelekee mama yake.

Cha pili, Helmi, mwenye nywele kama moshi.
Skana haijui moshi, inataka kitu kinachotulia.
Nikapata uso mzuri uliovishwa
kiota kilichonyeshewa.
Utosini, tundu. Nikachungulia:
ndani hamna kitu, ngozi tu,
nyembamba kuliko karatasi,
na uso wake upande wa nyuma,
pua imekuwa shimo, midomo imekuwa mfereji.
Nikafunga faili.
Siku nzima nilishindwa kumtazama machoni.

Cha tatu, changu. Kinyozi hajinyoi,
lakini nilikuwa na kiti cha kuzunguka, na ukaidi.
Nikaegemeza simu kwenye vitabu,
nikajisukuma kwa vidole vya miguu, kidogo, kidogo,
Januari, hapa Tartu,
ambako jua huamka saa tatu likijivuta
na saa kumi limeshakwenda zake.
Picha za mwisho zilimezwa na giza;
shavu la kulia likatoka kama jiwe la mtoni.
Ila kisogo kilikubali. Kisogo changu!
Miaka ishirini na miwili nakibeba
hatujawahi kuonana.
Nyani na msemo wake, sina la kuongeza.

Ndipo nikamwomba Endel,
mtunza boila wa chuo, mwenye upara.
Upara unaong'aa skana huuona maji, ikateleza.
Nikampaka poda ya watoto kuanzia paji hadi shingoni.
Akauliza ataingizwa tanurini saa ngapi.
Kisha akakaa, mikono magotini,
dakika kumi na saba, hakujikuna hata sikio,
kanipa kisogo.
Waliosema akupaye kisogo si mwenzio
hawakuifanya kazi hii.

Usiku nikabaki na udongo usioingia kuchani,
vipembetatu milioni mbili na kikombe cha chai kilichopoa.
Nikaziba tundu za masikio,
nikang'oa vipele vya mwanga,
na nyuma ya sikio la kushoto nikakuta bonde,
lingetosha kijiko kidogo.
Kosa la skana, nikasema. Mara ngapi imenidanganya?
Brashi ya kulainisha, mara mbili. Likajaa.
Nikahifadhi. Nikafunga. Nikalala.

Asubuhi nikakizungusha kile kichwa:
safi, mviringo, yai.
Pua ni yake, mikunjo ya shingo ni yake,
na Endel hayumo.

Nikashuka chini kwenye mabomba.
Alikuwa ameinama anakaza vali,
kofia kaiweka juu ya bomba ipate joto,
na bonde liko palepale, linatoka jasho.
Sikuuliza. Nilisimama tu, na nadhani
nilisimama kupita kiasi, maana alisema bila kugeuka:
"Farasi. Nilikuwa na miaka sita.
Siku ile nilisahau jina langu,
lake sijalisahau. Miira."
Akaendelea kukaza.

Kutendua hakukuwezekana; faili ilishafungwa,
na picha za awali nilizifuta kupata nafasi.
Ikabidi nilichimbe mwenyewe.
Kwato ilikuja kwa pembe gani?
Nikabonyeza kipanya, nikaachia, nikabonyeza,
polepole, kana kwamba ataumia,
mpaka saa nane za usiku
Endel aliporudi, akakaa, akanipa kisogo.

Mwalimu amerudisha kazi yangu na duara jekundu:
*Hitilafu ya skana, nyuma ya sikio. Lainisha.*

Sijalainisha.