Herufi Tatu za Mwisho

Kamera aliileta Salmin kutoka Sharja,
nyepesi kama kopo la maziwa ya unga,
ina mkanda wa mkononi na kioo cha kufunuka,
na mwaka mzima tulirekodi kila kitu:
paka juu ya bati, mvua ya Kibokoni,
Idi, na siku ya pili ya Idi,
na mama akikaanga viazi vya karai,
akiikwepa lenzi kwa upindo wa leso.

Haikutupitia akilini kuwa picha nazo zina lugha.

Baada ya arobaini nikawasha kompyuta.
Nilitaka kukata na kuunga, dakika ishirini tu,
kila ndugu apate nakala yake.
Faili mia na tatu. Nikaivuta ya kwanza
kwenye programu ya kuhariri, ile iliyokuja na mashine,
ikanijibu kama karani wa dirisha la pili:
haitambuliki.
Ya pili, haitambuliki.
Ya kumi na saba, ile ya Idi, haitambuliki.
Mama yangu, aliyejulikana toka Kuze hadi Makadara,
ambaye muuza mkaa alimwamkia kwa jina la babake!
Na haikumpa hata ngeli ya kiumbe.
Haitambuliki.

Mbithe, mke wangu, akanikumbusha ndoo.

Wiki yake ya kwanza nyumbani, mama alimwita toka jikoni,
"Ndoo!"
na bibi harusi wa Makueni akakimbia bafuni,
akarudi na ndoo, ya bluu, maji pomoni.
Mama akaitazama ndoo. Akamtazama Mbithe.
Akanawa mikono humo, kana kwamba ndilo alilotaka,
na kesho yake akaanza kusema "njoo".

Programu haina adabu hiyo.

Nikaenda kwa Badi, Mwembe Tayari,
ghorofani, juu ya duka la vipuri vya cherehani.
Akafungua faili moja huku akitafuna korosho.
"Ndani ni picha zile zile wazijuazo mashine zote.
Kiwanda kimezivika kofia yake tu.
Tazama mwisho wa jina, herufi tatu.
Zifute. Andika hizi."
Nikauliza, hakutaharibika kitu?
"Jina si nyama," akasema,
akachukua pesa ya soda, basi.

Usiku ule nikafuta na kuandika, moja moja,
stima ikapotea mara mbili, nikangoja gizani
kidole kikiwa bado juu ya kitufe.
Mia na tatu. Kisha nikaivuta ya kumi na saba
na mama akatokea,
na mwiko wake, na jasho lake la mdomo wa juu,
hai, karibu,
kimya.

Mafuta yalichemka bila kusema.
Kitasa kilianguka sakafuni, hakikulia.
Sauti, Badi alinieleza kwa simu, ina kufuli jingine,
na ufunguo wake una mwenyewe, nao hununuliwa.

Ndugu wakaja, wakajipanga nyuma ya kiti changu.
Mama akageuka, akaniona na kamera,
akakunja uso, midomo ikajikusanya mbele, ikafunguka.
"Amesema nini?" Salmin akauliza.
Nikairudisha. Tukaitazama tena.
Zuhura akasema ni dua. Salmin akasema ni matusi.
Mbithe alikuwa akipiga pasi shati la mtoto,
hakuinua hata macho zaidi ya mara moja.
"Amesema, weka hicho, ndoo ule."

Hakuna aliyebisha.

Sehemu hiyo sijaikata. Nangojea ufunguo.
Ndoo ya bluu ipo uani, mpini umevunjika,
tumeipanda mnanaa.