Amri Haramu

Mstari mmoja, herufi nyeupe kwenye kioo cheusi:
amri haramu.
Kisha programu ikafa. Hata haikupumua.

Aisaeli akaniangalia kama mtu aliyeletewa samansi.
"Nimekosa nini?"
Hujakosa, bwana shamba, wala mashine haijakosa.
Ilikuja na kontena la msaada, ikakaa ofisi ya ushirika Kibosho,
ikahesabu kilo za kahawa
mpaka herufi A ikafutika kwenye kibodi.
Leo imeamriwa kwa neno ambalo haikuzaliwa nalo.
Ndilo kosa lote.

Prosesa za siku hizi hubeba namba nane kwa mkupuo.
Hii hubeba nne.
Ukizoea mikungu miwili ya ndizi
ukatwikwa minne, utafanya nini?
Utakaa chini.
Imekaa chini.

Pale Memorial nguo zinaning'inia zimeshashonwa
kwa mabega ya watu tusiowajua,
na ukichambua vizuri utapata inayokukaa.
Safari hii nilichambua nikakosa. Ikabidi kitambaa.
Nikavuta msimbo wenyewe, mbichi, mafaili elfu sita,
bando langu la wiki likaenda nao,
nikashika futi, nikaandika:
shona kwa mwili wa huyu huyu.

Mara ya kwanza nilikuwa na pupa, kazi nne kwa pamoja.
Kumbukumbu ikajaa, zikanyongwa zote kwenye asilimia arobaini.
Mara ya pili, mbili mbili.
Sabini na moja, Luku ikaisha uniti.
Nikagonga dirisha la Mama Ndeshi kumkopa,
akafungua na kanga kichwani: "Nani amefariki?"

Mara ya tatu, moja moja.
Onyo. Onyo. Onyo.
Hayo hayaui. Kompaila ni kama mawifi wengine,
hunung'unika huku anakupikia.

Ilikuwa Julai, baridi ya mlimani imeshuka hadi Majengo
ikapita chini ya mlango bila kubisha.
Nikaweka viganja nyuma ya mashine
panapotoka hewa ya moto, nikaota,
nikasinzia, nikaota tena kwa maana ile nyingine.
Adhana ikanikuta kwenye tisini na nane.
Kengele ya Walutheri ikanikuta kwenye mia.
Hakuna aliyeshangilia. Feni ilishusha sauti, basi.

Aisaeli akaja na mfuko wa majani ya kahawa,
yenye umande bado,
akaweka la kwanza mbele ya kamera.
Sekunde kumi na mbili. Tukasubiri.
Salama, ikasema.
La pili, salama. La tatu, salama.
"Shamba la Ndekirwa limepona!" Akapiga meza.

Mimi nimezaliwa kihambani.
Kutu ya kahawa haikai mgongoni mwa jani.
Inakaa tumboni, unga wa rangi ya chungwa
unaoshika kidole.
Kidole chake kilikuwa cha chungwa.
Na jani alikuwa amelisogeza mpaka puani,
akaligeuza mara mbili,
akaliweka vilevile, tumbo chini.

Miaka thelathini na moja anapanda na kushuka vihamba vya watu.
Ndipo nikajua kwa nini aliitaka programu.

Nikanyoosha mkono, nikageuza jani.
"Kamera hii inapenda upande wa tumbo," nikasema.
"Mashine za zamani zina ukaidi."
Sekunde kumi na mbili.
Kutu, asilimia tisini na moja.

Akasogeza uso kwenye kioo
mpaka pumzi yake ikaacha ukungu.
"Imesemaje?"
Nikamsomea.

Alipotoka kufuata chapati
nikafungua tena lile faili la maandishi,
nikakuza herufi mara tatu,
nikaiambia ishone upya kipande hicho kimoja.

Feni ikapanda.