Kichupo cha Saa Tisa

Oulu. Theluji imefika usawa wa dirisha,
na feni ya kompyuta ya Aune inafoka
kama paka aliyekanyagwa mkia.
"Nibadilishie kivinjari," anasema,
"hiki kinabugia kumbukumbu kuliko mimi na samaki."

Namwekea chepesi. Nafuta viendelezi kumi na vitatu,
hata kile cha utabiri wa mvua.
Kurasa sasa zafunguka kabla hajainua kikombe.

Vichupo sitini na vinne: mapishi, ratiba za basi,
dawa ya goti, mapishi tena.
Nafunga, nafunga.

"Hicho acha."

Kamera ya bandari ya Tallinn, mubashara,
inameza nusu ya kasi yote niliyookoa.
Meli hakuna. Mvua tu.

"Mwanangu hupita hapo saa tisa, na baiskeli."

Basi feni na ifoke.